Nyaraka za Profesa James Buchanan: nianzie wapi, na nimwamini nani?

Mwanagenzi_Moro

Shikamooni wakubwa, wenzangu habari zenu.

Niko Morogoro, namalizia shahada ya pili ya uchumi na nimebakiza tasnifu. Msimamizi wangu amenitaka nimchague mwanauchumi mmoja, nifuatilie maisha yake na nyaraka alizoacha, kisha nioneshe mawazo yake yalitoka wapi. Nimemchagua James M. Buchanan, profesa wa Kusini mwa Marekani aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1986 na kufariki Januari 2013 akiwa na miaka 93.

Nilimchagua kwa ajili ya ng'ombe. Nilisoma kwamba alizaliwa shambani karibu na Murfreesboro, Tennessee, mwaka 1919. Babu yake aliwahi kuwa gavana wa jimbo, lakini mdororo wa miaka ya 1930 ulipofika, mipango ya kumpeleka Chuo Kikuu cha Vanderbilt ikafa. Akasoma chuo cha ualimu cha jirani akitokea nyumbani, na gharama akazilipa kwa kukamua ng'ombe asubuhi na jioni miaka minne mfululizo. Ada yangu ya kidato cha tano na cha sita ilitoka kwa mbuzi wa maziwa wa mama yangu kule Mgeta. Nilikuwa nawakamua kabla jua halijachomoza, vidole vimekufa ganzi kwa baridi ya Uluguru. Nikasema huyu mtu nitamwelewa.

Sasa nimekwama. Nimesoma mwandishi mmoja anayemsifu Buchanan kama mtu aliyetufumbua macho kuhusu tabia za wanasiasa. Nikasoma mwingine anayesema mradi wake wote ulizaliwa katika hasira ya wazungu wa Virginia walioamriwa kuchanganya watoto shuleni. Wote wanasema wamepekua makaratasi yake mwenyewe. Inawezekanaje boksi zilezile zitoe watu wawili?

Naomba mwenye uzoefu anisaidie. Nyaraka hizo ziko wapi, zinasomwaje, na mtu wa Morogoro asiye na nauli ya ndege anaweza kuzifikia?

Mdau_Louisville

Ndugu yangu, chagua mwingine. Mimi ni mtu wa Bukavu, niko Kentucky mwaka wa kumi na tisa huu, watoto wangu wote wamesoma huku. Nikuambie kitu ambacho vitabu vya uchumi havitakuambia.

Mwaka 1959, kaunti ya Prince Edward, Virginia, ilifunga shule zake zote za serikali. Zote. Mahakama ilisema watoto weusi na weupe wasome pamoja, viongozi wa kaunti wakaona ni afadhali pasiwe na shule kabisa. Watoto wa wazungu wakaanzishiwa shule ya binafsi. Watoto weusi wapatao 1,700 wakaachwa hivihivi, na shule hazikufunguliwa hadi 1964. Miaka mitano! Na huyo profesa wako ndiye aliyewaandikia namna ya kufunga.

Mimi nilikosa shule miaka mitatu kambini. Niliporudi darasani nilikuwa na miaka kumi na nne, nimekaa na watoto wa miaka kumi, magoti yanagonga dawati. Najua hiyo miaka inamfanya nini mtu. Mtu anayechora vizuri kwenye karatasi jinsi shule inavyoweza kuuzwa, sitaki kujua alikamua ng'ombe wangapi.

Mwalimu_Nakuru

Hamjambo nyote. Nilifundisha uchumi shule ya upili kwa miaka thelathini, sasa nimestaafu, nafuga kuku. Pole sana ndugu wa Louisville kwa uliyopitia.

Hata hivyo, kijana wetu asiambiwe aache kabla hajajua anaacha nini. Kabla ya Buchanan na wenzake, wanauchumi wengi walikuwa wanaandika kana kwamba serikali ni mzee mmoja mwenye hekima: ukimwonyesha kodi iliyo bora, ataitoza. Buchanan akauliza swali ambalo kila mama muuza mboga Nakuru analijua. Yule mtu tunayemwona sokoni akijitafutia faida, akichaguliwa kuwa mbunge anageuka malaika? Hageuki. Basi mchunguze ofisini vilevile unavyomchunguza sokoni. Kwa nini serikali hupenda kukopa kuliko kutoza? Kwa sababu kodi inauma leo na mpiga kura anamjua aliyemuumiza, ilhali deni litalipwa na watu ambao bado hawana kura. Aliyaandika hayo na Richard Wagner mwaka 1977.

La pili ni kanuni. Mkicheza bao, ubishi wa kete ni kitu kimoja na ubishi wa sheria za bao ni kitu kingine. Alisema tukae kwanza tukubaliane sheria, na tukubaliane karibu sote, kwa sababu wakati huo hakuna anayejua kete zake zitakaa vipi. Kitabu alichoandika na Gordon Tullock mwaka 1962 kimejengwa juu ya hilo. Mimi nilikitumia kuwafundisha vijana kuhusu katiba na waliniuliza maswali ambayo mtaala haukuwa nayo.

Kwa hiyo soma, kijana. Lakini kuhusu makaratasi yenyewe sina ujuzi. Namwomba Bibi Nyaraka akiwa karibu aseme.

BibiNyaraka

Marahaba mwanangu wa Morogoro. Mwalimu, kaka wa Louisville, nawasalimu.

Nilikuwa jikoni niliposoma swali hili, nikazima jiko nikakaa chini. Nimepanga nyaraka za maprofesa kwenye maktaba ya chuo kimoja cha Kusini kwa miaka ishirini na miwili. Chuo hicho si kile chenye nyaraka za Buchanan, kwa hiyo boksi zake sikuzishika mimi. Lakini makaratasi ya maprofesa wa kizazi chake, walioanza kazi na taipureta na kumaliza na kompyuta, nayajua kwa harufu.

Nianze na Prince Edward, maana ni jambo zito na lazima liwe sawasawa. Nimefika Farmville, mji mkuu wa kaunti hiyo. Shule ya Moton, ambayo wanafunzi wake weusi waligoma tarehe 23 Aprili 1951 wakiongozwa na Barbara Johns, binti wa miaka 16, sasa ni jumba la makumbusho. Walikuwa wanasomea kwenye vibanda vya mbao vilivyofunikwa karatasi ya lami. Kesi yao ilikuwa mojawapo ya zile zilizounganishwa na kuamuliwa na Mahakama ya Juu mwaka 1954. Nilisimama pale na binti yangu na hatukuweza kuzungumza kwa muda. Kwa hiyo kaka, sikuambii usahau.

Ila tarehe zina kazi yake. Januari 1959 mahakama zilitangua sheria za Virginia za kufunga shule. Februari, Buchanan na mwenzake Warren Nutter wakawapelekea wabunge wa jimbo ripoti, na Aprili ikachapishwa gazetini Richmond. Ilisema serikali inaweza kugharimia elimu bila kuendesha shule yenyewe: mzazi apewe vocha ya ada, na majengo ya shule yanaweza hata kuuzwa kwa watu binafsi. Waliandika kwamba hawaungi mkono utengano wa kulazimishwa wala mchanganyiko wa kulazimishwa. Kufunga shule za Prince Edward kuliamuliwa na viongozi wa kaunti mwezi Juni, baada ya amri ya mahakama ya mwezi Mei. Profesa hakuwafungia. Na hapohapo nasema kwa moyo wangu wote: mtu mwenye akili kama ile, anayeishi Charlottesville, mji ambao shule zake mbili zilikuwa zimefungwa msimu uliotangulia, akaandika juu ya uhuru wa mzazi kuchagua na asiandike ni mzazi gani angepata cha kuchagua, hilo pengo ni sehemu ya historia yake. Mwanangu, ukiandika tasnifu bila ripoti ya 1959 utakuwa umeficha. Ukiandika kana kwamba miaka 93 yote ni ripoti ya 1959, utakuwa umeficha pia.

Sasa swali lako: inawezekanaje boksi zilezile zitoe watu wawili?

Zamani za taipureta, katibu aliweka karatasi mbili kwenye mashine na kaboni katikati. Ya juu ilitiwa sahihi na kupostiwa. Ya chini, nyembamba kama ganda la kitunguu, ilibaki kwenye faili la ofisi. Kwa hiyo ukifungua nyaraka za profesa yeyote wa wakati ule unakuta barua alizopokea, zenye sahihi za wenzake, na nakala za kaboni za barua alizotuma yeye. Unadhani umepata mazungumzo yote. Hujapata. Kwa sababu profesa akishaletewa barua kutia sahihi, mara nyingi huchukua kalamu na kuongeza mstari chini au pembeni. Huo mstari wa wino uko kwenye karatasi ya juu tu. Uko kwa yule aliyeandikiwa, kwenye maktaba nyingine, pengine upande wa pili wa nchi.

Nilijifunza hilo kwa uchungu. Mwaka wangu wa tatu kazini nilimsaidia mtafiti aliyekuwa ameshika nakala ya kaboni ambamo profesa wetu, ambaye sitamtaja, anakubali kwa mistari miwili mikavu kwamba mwenzake mweusi asialikwe kwenye mkutano. Akaandika makala kali. Miaka minne baadaye ile karatasi ya juu ikaonekana katika nyaraka za mtu mwingine. Chini yake kwa wino alikuwa ameandika kwamba hayo juu ni maneno ya idara, na kwamba yeye binafsi hatahudhuria mkutano huo. Na kweli hakuhudhuria. Simtetei, angeweza kusema hadharani, naye alinong'ona. Lakini mtu aliyenong'ona na mtu aliyekubali si mmoja, na tofauti yao ilikuwa kwenye mstari mmoja wa wino wenye umbali wa maili elfu mbili.

Jambo la pili ni mpangilio. Nilipokuwa mgeni kazini nilipewa makabati ya profesa aliyefariki, nikaona fujo: barua za mkewe zimechanganywa na mitihani, risiti ya trekta ndani ya faili la mkutano. Nikayapanga kwa alfabeti, safi kabisa. Mkuu wangu alipoona alikaa kwenye kiti akafunika uso. Ile ambayo mimi niliiita fujo ilikuwa kumbukumbu ya namna mtu alivyofikiri na aliyeshika funguo za ofisi yake. Ile risiti ya trekta ndiyo pekee ingeonesha kwamba alisoma rasimu ile akiwa shambani mwezi wa likizo. Nilikuwa nimeifuta, na hakuna aliyeweza kuirudisha.

Sasa tazama kwa Buchanan. Profesa akihama, makaratasi hupungua, na huyu alihama sana. Alifundisha Tennessee na Florida. Akakaa mwaka mmoja Italia, 1955 hadi 1956. Akaingia Chuo Kikuu cha Virginia mwaka 1956, ambako yeye na Nutter walianzisha kituo chao cha utafiti. Aliondoka 1968, mwenzake Tullock akiwa ameshanyimwa kupandishwa kuwa profesa kamili na kuondoka. Akapita Los Angeles mwaka mmoja wa ghasia za wanafunzi, akarudi Virginia, milimani Blacksburg, mwaka 1969. Mwaka 1983 kituo kipya alichokiendesha huko kikahamia Chuo Kikuu cha George Mason, Fairfax, na pale nyumba moja ikapewa jina lake. Yeye mwenyewe hakuliacha shamba lake karibu na Blacksburg. Alilima mboga, alipasua kuni, na alifia Blacksburg. Kwa hiyo kuna makaratasi ya ofisini na maisha ya shambani, na katikati yake saa kadhaa za barabara. Na ofisi iliendeshwa na katibu aliyekuwa naye kwa miongo kadhaa. Mafaili yale yana mpangilio wa huyo mama kuliko wa profesa. Hakuna tasnifu niliyoiona iliyomuuliza huyo mama swali hata moja, na hilo linanikera.

Nancy MacLean, mwanahistoria, anasimulia mwenyewe kwamba aliingia kwenye nyumba ile ya Fairfax mwaka 2013, baada ya kifo chake, akayakuta makaratasi yamerundikana vyumbani, hayajapangwa na mtunza nyaraka. Kitabu chake cha kumshutumu Buchanan kilitoka 2017, kikafika hatua ya mwisho ya Tuzo ya Kitaifa ya Vitabu. Wakosoaji wakaja juu: Michael Munger, Georg Vanberg, Phillip Magness na wengine wakasema amekata nukuu katikati, na kwamba amempa Calhoun, mwanasiasa wa enzi za utumwa, nafasi ambayo hamna katika vitabu vya Buchanan. Watetezi wake wakajibu kwamba wakosoaji wengi ni wanafunzi na marafiki wa marehemu. Mimi naona wote walikuwa wanagombania rundo ambalo halikuwa bado na namba za boksi. Msomaji hakuweza kwenda kuhakiki. Ukisema "barua iko kwenye kiti karibu na dirisha," nani ataikuta kesho? Sasa nyaraka hizo ziko kwenye kitengo cha makusanyo maalumu cha maktaba ya Fenwick, chuo hichohicho, zimepangwa na zina mwongozo. Wewe, mwanangu, una bahati ambayo waliogombana 2017 hawakuwa nayo.

Na kabla hujaenda 1959, nenda 1948. Buchanan alifika Chicago mapema 1946 akitoka jeshi la wanamaji, alikotumikia kwenye makao ya Admirali Nimitz, Pearl Harbor na Guam. Alikuwa na donge: kwenye mafunzo ya maafisa New York aliona vijana wa vyuo vikubwa vya Mashariki wakipendelewa, na sisi wa Kusini, kwa maneno yangu, tukawekwa nyuma. Hilo donge hakulimeza maisha yake yote. Alifika Chicago akijiita msoshalisti; wiki sita za darasa la profesa Frank Knight zikamgeuza. Halafu kiangazi cha 1948, amemaliza mtihani wake wa Kijerumani, anatembea kati ya rafu za maktaba ya Harper, akavuta kitabu kilichofunikwa na vumbi: tasnifu ya Msweden Knut Wicksell ya mwaka 1896, haijawahi kutafsiriwa kwa Kiingereza. Ndani yake mkaa wa moto: kodi na matumizi yaamuliwe pamoja, na yakubaliwe na karibu watu wote. Alikitafsiri sehemu kubwa kwa mkono wake, tafsiri ikachapishwa 1958. Picha mbili zilining'inia ofisini kwake hadi uzeeni, Knight na Wicksell.

Ninavyoona mimi, kijana wa shambani mwenye donge na wenye vyeo, aliyekutana na wazo kwamba hakuna mtu anayepaswa kutozwa bila ridhaa yake, ndiye aliyekaa kuandika mwaka 1959. Wazo zuri, likaingia katika chumba ambamo nusu ya watu hawakualikwa kutoa ridhaa. Hapo ndipo ningeweka tasnifu yangu.

Mdau_Louisville

Mama, nimekusoma mara mbili. Nilikosea kusema yeye ndiye aliyewaandikia namna ya kufunga. Tarehe nimeziona. Hasira yangu bado ninayo lakini nitaishikilia pale inapostahili, kwenye lile pengo ulilolitaja.

Swali moja. Wale watoto 1,700, nyaraka zao ziko wapi? Profesa ana boksi. Wao je?

BibiNyaraka

Kaka, swali hilo ndilo la kazi yetu yote. Zipo chache, zimetawanyika: ushahidi wa mahakamani, picha, simulizi zilizorekodiwa na wenyewe wakiwa watu wazima, na jumba la Moton limejitahidi sana. Mtoto asiyekwenda shule haachi daftari. Hana ripoti ya mwisho wa muhula. Ndiyo maana profesa anayeandika mengi huonekana ndiye aliyekuwepo peke yake. Mwanangu wa Morogoro, ukisoma barua ya Juni 1959, fungua na simulizi ya mtoto wa Farmville wa Juni hiyohiyo, uziweke mezani pamoja.

Mwanagenzi_Moro

Mama, shikamoo tena. Sikutegemea kupata jibu la namna hii. Nimeyachapa yote nimeyabandika ukutani juu ya kitanda.

Nimefungua mwongozo wa mkusanyiko kwenye intaneti na nimechanganyikiwa. Ni orodha ya boksi na majalada, majina na miaka, basi. Niandike nini kwao? Nitawaambia "nitumieni yanayohusu mawazo yake"? Na gharama je?

BibiNyaraka

Usiandike hivyo mwanangu, watakujibu kwa adabu na hutapata kitu. Mtunza nyaraka hawezi kukusomea boksi mia akatafuta mawazo. Anaweza kutembea hadi kwenye rafu, akatoa boksi fulani, jalada fulani, akapiga picha kurasa thelathini. Kwa hiyo kazi ya kuchagua ni yako, na mwongozo ndio ramani.

Tafuta kwanza majina. Usitafute mada, maana mada ziliandikwa na aliyepanga. Majina yaliandikwa na maisha. Tafuta Knight, Nutter, Tullock. Kila jina utakalolikuta andika namba ya boksi na namba ya jalada, na miaka. Kisha waandikie barua fupi ya heshima: wewe ni nani, unasoma wapi, unaomba jalada lipi la miaka ipi, na kwamba huwezi kusafiri. Uliza bei ya nakala na kama wanafunzi wa nje wana nafuu. Sehemu nyingi kurasa chache hutolewa bure au kwa pesa ndogo. Ukiomba boksi zima ndipo bei inapopaa. Taja tarehe unayozihitaji nakala hizo, na uwape mwezi mzima. Wanaofanya kazi hii huwa wawili watatu na wanaomba msamaha kila siku.

Halafu zifuate karatasi za juu, zile zenye wino. Nyaraka za Tullock ziko Taasisi ya Hoover, Stanford, California. Za Knight ziko Chicago, kwenye maktaba ya chuo kikuu. Charlottesville nako, kwenye Chuo Kikuu cha Virginia, maktaba ya makusanyo maalumu ina mafaili ya ofisi ya rais wa chuo, na humo ndimo utakapoona kituo cha Buchanan kilivyotazamwa na waliokilipia na waliokishuku. Ukipata barua moja tu katika pande zote mbili, kaboni Fairfax na ya juu Stanford, ziweke ubavuni kwa ubavu kwenye kurasa za tasnifu yako. Msimamizi wako atasimama.

Nawe unavyosubiri majibu, soma vilivyochapwa. Kazi zake zimekusanywa katika majuzuu 20, na alijiandikia maisha yake mwaka 1992. Isome hiyo kwa makini lakini usiifanye msahafu. Mzee akisimulia ujana wake huwa ameshajua mwisho wa hadithi. Ng'ombe wako wako humo.

Neno la pembeni. Ungeniuliza mapema ningekupeleka kwa mama mmoja ninayempenda kuliko Buchanan, Juanita Kreps. Alizaliwa mwaka 1921 Lynch, Kentucky, mji wa makaa ya mawe kaunti ya Harlan. Akasoma Berea, chuo ambacho kila mwanafunzi hufanya kazi badala ya kulipa ada, kisha Duke, akawa profesa hapo. Aliandika juu ya kazi za wanawake na za wazee wakati wanaume wa fani hiyo waliona hayo si uchumi. Mwaka 1977 Rais Carter alimfanya Waziri wa Biashara, mwanamke wa kwanza kushika wizara hiyo. Siku ya kutangazwa, Carter aliposema ni vigumu kupata wanawake wenye sifa, mama alimsahihisha palepale mbele ya waandishi. Nyaraka zake ziko Duke, Durham, maktaba moja na za wanauchumi wengine wengi sana, Samuelson na Arrow wamo. Shahada ya tatu ikija, unajua pa kubisha hodi.

Mwalimu_Nakuru

Bibi, naomba ruhusa nikichape hiki niwape vijana wawili wa hapa wanaoanza utafiti. Na mimi nina sanduku la barua za marehemu baba, alikuwa karani wa reli. Nilikuwa nimepanga kuzitenganisha kwa miaka wiki hii.

BibiNyaraka

Chapa, Mwalimu. Na sanduku hilo tafadhali usiliguse bado. Piga picha kwanza lilivyo, kutoka juu hadi chini, barua iko juu ya ipi, nini kimefungwa na uzi pamoja na nini. Baada ya hapo tenganisha unavyotaka. Vibanio vya chuma vitoe polepole, vinaacha kutu.

Mwanagenzi_Moro

Mama, nimetuma barua leo asubuhi. Nimeomba jalada moja tu la Knight na moja la Nutter, 1958 hadi 1959. Nimewaambia nalipia kwa kuuza mbuzi dume, mama yangu amekubali.

BibiNyaraka

Mwambie mama yako nampa pole na hongera, na asimuuze mpaka wajibu, huenda wakakupa bure.

Picha zikifika, ukiona wino pembeni nitumie kabla hujakata tamaa. Mwandiko wa wazee wale unasumbua, wanaunganisha herufi kama mshono. Nimeusoma miaka mingi, nitakusomea.